Gitaa la Besi na Mwenye Vyombo

Katika dansi letu gitaa la besi ni chombo kinachosikika pasi na kusikilizwa. Mchezaji huliitika kwa nyayo kabla hajalitambua kwa masikio. Wimbo ukiisha, ataikumbuka sauti ya mwimbaji, pengine atapiga mluzi wa gitaa la solo, wala besi hatalitaja. Lakini likinyamaza ghafla katikati ya wimbo, ukumbi mzima husita kama msafara uliokuta daraja limekatika. Sisi tunaotunga mashairi twalijua jambo hili kwa namna yetu. Vina ndivyo vinavyosifiwa, kwa kuwa hugonga sikio waziwazi. Mizani hakuna aisifuye, ila ikipungua moja tu, hata asiyejua kusoma hukunja uso. Besi ni mizani ya dansi.

Vijana wanaojifunza chombo hiki huuliza swali moja kabla ya mengine yote: gitaa zuri la besi ni bei gani, na mpigaji hodari atoe kiasi gani kulipata lililo ghali kuliko yote aliyowahi kuwa nayo? Nimewahi kusikia swali hili likibezwa kuwa ni la sokoni, lisilostahili kuingizwa katika mazungumzo ya utamaduni wa Taifa. Siafiki. Bei ya chombo ni sehemu ya historia ya sanaa, kama bei ya karatasi ilivyo sehemu ya historia ya vitabu. Isipokuwa katika nchi yetu swali la shilingi ngapi limeficha nyuma yake swali jingine, nalo ni hili: nani aliyezitoa shilingi hizo, na alipata nini badala yake?

Mahali pazuri pa kulianzia jambo lenyewe ni Makongolosi, wilayani Chunya, katika mkoa wa Mbeya. Huko bei ya kitu ina kipimo cha pili nyuma ya shilingi, nacho ni gramu ya dhahabu. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu wa makabila na mataifa mengi walimiminika huko kutafuta riziki. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu mwaka 1939 hadi 1956. Makampuni yalipoondoka, wachimbaji wadogo waliendelea na mitaro yao, na hadi leo wangali wanaendelea. Sasa lami ya kilomita 39 imeuunganisha mji huo na Chunya mjini, na kutoka hapo mpaka Mbeya. Mwanamuziki anayeishi mahali kama hapo, akijaribu kulihesabu gitaa lake kwa gramu, ataona jambo ambalo shilingi humficha.

Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani lilitoka katika karakana ya Leo Fender, huko California, mwaka 1951, likapewa jina la Precision. Kabla yake mpiga besi alikumbatia chombo kirefu kumpita yeye mwenyewe, kizito kukibeba na hafifu kusikika mbele ya tarumbeta na ngoma. Fender alikifanya kiwe cha kuning'inizwa begani, akakitia sumaku za kunasa mtetemo wa nyuzi, akakiuza kwa karibu dola 200. Wakati ule wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31 na ushei, ilikuwa na bei iliyowekwa ya dola 35. Kwa hiyo gitaa lile lilikuwa sawa na gramu 177 hivi za dhahabu safi. Mwaka 2024 wastani wa bei ya wakia moja ulipita dola 2,300, ilhali gitaa la jina lilelile, lililoundwa kulekule Marekani, liliuzwa kwa dola 1,700 au 1,800. Hizo ni gramu zisizofika 25. La bei nafuu, linaloundwa China au Indonesia kwa dola 200 na kidogo, halizidi sana gramu 3. Nauli na ushuru huongezeka njiani, hilo nalijua. Na mchimbaji haiuzi dhahabu yake ikiwa safi. Hata hivyo, kwa kipimo cha dhahabu gitaa la besi limeshuka bei zaidi ya mara saba. Walimu wa hesabu waweza kuwapa wanafunzi wao zoezi hilo darasani, nalo litawafunza mengi kuhusu fedha kuliko muziki.

Ikiwa ndivyo, kwa nini kwa miaka mingi mpiga besi wa Tanzania, hata yule ambaye vidole vyake vilisikika nchi nzima kupitia Radio Tanzania, aghalabu hakuwa na gitaa lake mwenyewe?

Bendi zetu za kwanza za dansi zilikuwa vilabu. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa katika miaka ya 1930, Western Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Morogoro mwaka 1948. Wanamuziki wa vilabu vya namna hiyo walikuwa na kazi zao za mchana, na chombo kilipotakiwa walichanga. Gitaa lilikuwa la wote, kama jembe la ujima. Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, na baadaye polisi, jeshi, Jeshi la Kujenga Taifa, umoja wa vijana na kiwanda cha nguo cha Urafiki wakawa na bendi zao. Kuanzia hapo neno jipya likaingia katika lugha ya wanamuziki, nalo limebaki mpaka leo: mwenye vyombo.

Sitaki nieleweke kwamba naulaumu utaratibu huo wote. Kwa mara ya kwanza mpiga gitaa alipata mshahara wa mwezi kama karani au fundi. Hakuhitaji kumsihi mwenye baa. Nyimbo nyingi ambazo wanafunzi wetu wanazijua kwa moyo bila ya kuzijua tarehe zake zilizaliwa katika nyumba hizo za mashirika, na sina hakika kwamba zingezaliwa kwingine. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, nimezoea daftari la mali. Najua gitaa linavyoandikwa humo: baada ya meza, kabla ya baiskeli, likiwa na namba yake ya rangi nyeupe. Anayelitumia hutia sahihi kulichukua na hutia sahihi kulirudisha. Kilichopigwa juu yake hakina safu katika daftari hilo.

Matokeo yake yanaonekana vizuri ukitazama jinsi wanamuziki walivyohama. Mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi lilianzisha Mlimani Park Orchestra, na baadhi ya watu mashuhuri wa NUTA, iliyokuwa ikigeuka kuwa JUWATA, wakaenda huko, miongoni mwao Muhiddin Maalim Gurumo. Shirika lile lilipoanguka, bendi ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam mwaka 1983. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye vyombo wa Safari Sound, aliwavuta Gurumo, Abel Balthazar na wengine kwake. Baadaye Gurumo alirudi katika bendi alikotoka, ambayo ilikuja kuitwa OTTU na hatimaye Msondo Ngoma. Wahakiki wengi wameyaeleza mahama hayo kana kwamba ni mambo ya ugomvi na tamaa. Mimi nayatazama kwa upande wa chombo. Kila walipohama, wanamuziki waliondoka na vyombo vikabaki. Mwimbaji aliondoka na koo lake, na koo halina namba ya rangi nyeupe. Kwa hiyo Gurumo aliweza kuipeleka sauti ileile nyumba hata nyumba, na wasikilizaji wakamfuata. Mpiga besi aliondoka na vidole tu. Alikoenda alikuta gitaa jingine, lenye shingo nene zaidi au nyembamba zaidi, na spika nyingine, akaanza upya kuitafuta sauti yake.

Nadhani hii ndiyo sababu moja inayofanya majina ya waimbaji wetu yajulikane na ya wapiga besi yasahaulike. Sauti ya besi ilikuwa sifa ya nyumba kuliko sifa ya mtu. Sikiliza kanda za Mlimani Park za miaka yake ya kwanza, ambazo besi lake lilipigwa na Suleiman Mwanyiro. Besi hilo halimwagi sauti nyingi. Linatamka mawili matatu, linaacha pengo ambalo ngoma hulijaza, kisha linarejea mahali ambapo mchezaji hakulitarajia lakini mguu wake ulikuwa umekwisha kulingoja. Huo ni ufundi wa mtu, wala si wa shirika. Mwalimu awaambie wanafunzi wake waufuate wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho kwa kugonga dawati pale tu besi linapolia. Watastaajabu jinsi ukimya ulivyo mwingi.

Nyanda za Juu za Kusini nazo zilikuwa na mfano wao, tena wa ajabu kidogo. Mjini Iringa kiwanda cha kukata almasi kilimiliki bendi iliyovuma katika miaka ya 1980, Tancut Almasi Orchestra, ambamo waliimba ndugu wawili mapacha kutoka Zaire ya wakati ule, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Wakati huo chombo cha kigeni kilikuwa adimu kama mawe waliyokuwa wakiyakata kiwandani. Leo bendi hiyo haipo. Nyimbo zake zingalipo, na bado zinapigwa harusini huku Mbeya na Iringa na watu wasiojua kwamba ilikuwa bendi ya wakata almasi.

Ugumu wa miaka hiyo hauna budi kuelezwa kwa vijana wasiouona, wasije wakadhani wazee wao walikuwa wavivu wa kununua. Mwaka 1984 kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 810 kwa mwezi, na tangu mwezi Juni mwaka huo dola moja ilikuwa takriban shilingi 17. Gitaa la dola 500 lilikuwa basi mshahara wa miezi zaidi ya kumi wa mtu asiyekula wala kulipa pango. Lakini hata aliyekuwa na shilingi hizo mkononi hakuwa na gitaa, kwani hapakuwa na mahali pa kuzigeuza ziwe dola bila ya kibali, na vibali vilikwenda kwanza kwenye mafuta, dawa na vipuri. Kuhusu hilo sioni la kulalamikia. Hospitali haiwezi kungojea besi. Nairobi, ambako vyombo na santuri zilipatikana, ilikuwa nyuma ya mpaka uliofungwa tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje ya nchi kuagiza bidhaa pasipo kuulizwa walizipataje, na hapo nguvu za mwenye vyombo binafsi zikaongezeka, maana yeye ndiye aliyeweza kuwa na fedha hizo. Mwanamuziki hakuwa nazo.

Wenye magitaa waliyatunza kama mboni ya jicho. Uzi wa besi ukifa, yaani ukipoteza mlio, huchemshwa katika sufuria, ukakaushwa na kurudishwa. Hupata uhai wa siku chache. Uzi ukikatika kabisa, waya wa breki ya baiskeli umewahi kushika nafasi yake. Haya si masimulizi ya kuchekesha. Uzi mmoja wa besi ni mnene, una waya uliozungushwa juu ya waya, na kuuunda kunahitaji mashine ambayo hatukuwa nayo na hatunayo.

Hapa ndipo wengine hukimbilia kusema: kumbe bei si kitu, ufundi ni wa mtu! Wana ushahidi mzuri. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown huko Detroit, alitumia Precision moja ya mwaka 1962 miaka mingi, na hakubadilisha nyuzi mpaka ikatike. Besi hilo liliibwa mwaka 1983, siku chache kabla ya kifo chake. Paul McCartney alinunua Höfner lake mjini Hamburg mwaka 1961 kwa pauni 30 hivi kwa kuwa Fender lilimshinda bei. Likaibwa mwaka 1972, akarudishiwa baada ya nusu karne, habari yake ikatangazwa mwaka 2024. Na karibu na sisi zaidi, ng'ambo ya Kyela, wenzetu wa Malawi wana babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja inayopigwa kwa kuteleza chupa juu ya uzi. Kundi la Madalitso lilitoka Lilongwe na chombo hicho likafika katika tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar, mwaka 2017, kisha likatembea nacho Ulaya.

Ushahidi huu ni wa kweli, lakini hoja inayojengwa juu yake ina hatari. Jamerson alikuwa na gitaa lake mwenyewe, akalitumia miaka mingi. McCartney kadhalika alinunua dogo, lakini alilinunua yeye. Mwenye babatoni amelichonga mwenyewe. Kinachowaunganisha hawa watatu si unafuu wa bei. Kila mmoja alikaa na chombo kimoja mpaka mkono wake ukakijua gizani. Kumwambia kijana wa Makongolosi kwamba umaskini ni shule ya sanaa ni kumdanganya. Gitaa ambalo shingo yake imepinda halikai katika sauti yake. Vidole huumia, na mpigaji hujifunza kukwepa nusu ya nyuzi, kama mtunzi aliyepewa herufi kumi na tano tu. Kuna kiwango cha chini ambacho chini yake hakuna besi bali kuna kero, na kiwango hicho kina bei.

Na kiwango cha juu je? Mwaka 1972 kampuni ya Alembic ilimwundia Jack Casady besi lililofungua zama za magitaa ya kuagizwa kwa jina, na leo karakana ndogo kama Fodera ya Brooklyn huuza baadhi ya kazi zake kwa zaidi ya dola 10,000. Kwa hesabu yetu ya Makongolosi, kwa bei ya dhahabu ya mwaka 2024, hiyo ilikuwa gramu 130 hivi. Mtu hulipia nini hapo? Hulipia mkono wa fundi, hilo ni halali. Hulipia mbao pia, na jambo hili lingetupasa tulitazame kwa jicho la wenye mali. Kampuni ya Warwick ya Ujerumani ilijipatia sifa kwa magitaa yaliyoundwa kwa bubinga na wenge, miti ya misitu ya Afrika ya Kati. Mpingo wa Kilwa na Lindi hugeuka klarineti Ulaya. Mti hutoka kwetu kwa bei ya gogo, ukarudi, ukirudi, kwa bei ya ala. Tuna mafundi seremala Mbeya na Iringa wanaochonga vitanda vya kupendeza. Sijaona sababu ya kuwafanya washindwe kuchonga shingo ya gitaa iliyonyooka, ila kwamba hakuna aliyewaagiza. Nyuzi na sumaku zingeendelea kutoka nje, nalo si aibu. Hata Wajerumani hutoa mbao nje.

Basi jibu langu kwa vijana ni hili. Tafuta gitaa lenye shingo iliyonyooka na sumaku zisizokoroma. Hilo leo ni gramu 10 au chini yake. Zaidi ya hapo kila shilingi inayoongezwa huongeza raha ya mpigaji kuliko raha ya msikilizaji, na ni afadhali iende kwenye spika, kwani besi la dola 3,000 katika spika iliyochanika hulia kama debe. Lakini sharti la kwanza liwe kwamba gitaa hilo ni lako, na hati ya mauzo ina jina lako. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua mpigaji. Mwenye vyombo haitambui kuwa msanii. Hata hivyo mpigaji asiye na chombo hufika mezani akiwa mnyonge, na sheria haiwezi kumpa unyoofu wa shingo.

Ladha ya wakati huu inanipa matumaini kwa upande mmoja na mashaka kwa upande wa pili. Kumbi za Makongolosi, siku ambazo dhahabu imeuzwa vizuri, hupigiwa muziki wa kompyuta, na besi lake hutingisha mabati bila ya mtu kugusa uzi. Mabesi ya nyuzi yamehamia kanisani. Katika miji yetu midogo, kuanzia Chunya hadi Tukuyu na Mafinga, kwaya ndiyo shule ya gitaa, nayo hununua vyombo kwa njia ileile ya vilabu vya kale: wanachama huchanga, mwekahazina huandika, mtu hutumwa Mbeya au Dar es Salaam. Nimewasikia vijana humo ambao wangeweza kusimama nyuma ya bendi yoyote. Wanapiga Jumamosi jioni kwenye mazoezi na Jumapili asubuhi kwenye ibada. Ibada ikiisha gitaa hutiwa katika mfuko wake, hufungiwa katika kabati, na ufunguo hukaa kwa mwekahazina mpaka Jumamosi nyingine.